Kaka, futa hiyo ratiba ya miji minne kwa siku nne

Kaka, futa hiyo ratiba ya kutembea kusini mwa Tanzania uliyoiweka hapa, ambayo mtu wa gari amekwambia "mnamaliza yote." Nimeisoma mara mbili, tumbo likanikata, maana ndiyo ileile niliyopewa mimi, hata mpangilio haujabadilika: siku ya kwanza Kilwa na kulala Lindi, ya pili Mtwara na Mikindani, ya tatu ufukwe wa Msimbati, ya nne kugeuza Dar. Wewe unaenda na binti wa miaka 14, mimi nilienda na kijana wa miaka 15. Unauliza gesti nzuri, chakula, na kama mchukue chumba kimoja au viwili. Hayo watakujibu wengine, mimi nina neno na hiyo ratiba kabla hujamlipa mtu.

Mimi nilikwenda Juni 2024, shule zimefungwa. Mwaka ule mimi na mwanangu tulikuwa tunaongea kupitia mlango wa chumba chake. "Umekula?" "Nimekula." Basi. Nikasema tutoke wawili tu, tukatembee kusini, huenda tukarudi tunaongea. Kwenye kundi letu la wazazi kuna mama mmoja aliyejitia mjuzi wa huko, akaniandikia ratiba nzima na kunipa namba ya kijana mwenye gari la Noah. Nikampigia. Nikamuuliza Kilwa ni mbali kiasi gani. Akanijibu, "Mama, Kilwa mnapitia tu, iko njiani."

Kilwa haiko njiani! Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo damu inachemka. Barabara kuu ya kwenda Lindi inapita Nangurukuru. Ukitaka Kilwa Masoko unakata kushoto, unaingia kama kilometa 30, na kilometa hizohizo unazirudi. Na ukifika Masoko bado hujafika, kwa sababu magofu yenyewe yako Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya maji. Unachukua kibali, unatafuta mtu wa kukutembeza, unatafuta chombo, unavuka. Kule kuna msikiti mkuu, kuna Husuni Kubwa, jumba la sultani, kuna Gereza, ile ngome. Ni mji ambao yule msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, na tangu 1981 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mahali kama hapo hupapitii. Unalala Masoko, unavuka asubuhi.

Yule kijana alitakiwa atuchukue Mbagala saa kumi na moja alfajiri. Alikuja saa mbili. Somanga tukakaa foleni, maana Mei ile Kimbunga Hidaya kilikuwa kimeikata barabara na magari yalikuwa bado yanapishana kwenye vipande vinavyotengenezwa. Ratiba ya yule mama haikuwa na nafasi ya jambo lolote kuchelewa. Masoko tukafika jua limeshageuka. Nahodha akatutazama, akaniambia kwa upole, "Mama, nikikuvusha sasa hivi utaviona mbiombio na giza litatukuta huko. Laleni, kesho nikupelekeni vizuri." Nikakataa, kwa sababu chumba cha Lindi nilikuwa nimeshakilipia. Tukasimama ufukweni, tukakiangalia kisiwa kwa mbali, tukapiga picha mbili, tukaingia garini. Na yule kijana wa Noah hapo ndipo aliponidai elfu themanini zaidi, eti Kilwa ni mchepuko, haikuwa njiani. Maneno yakitoka kinywa kilekile.

Lakini hiyo elfu themanini siyo iliyoniuma. Sikiliza sasa la Lindi, kwa sababu hili ndilo linalonifanya nikuandikie usiku huu.

Mwanangu alikuwa na daftari. Sikujua lina nini, nilidhani ni la shule. Lindi tulifika usiku, tukalala, na saa kumi na mbili asubuhi dereva alishaanza kupiga honi. Mwanangu akaniomba tufike ufukweni kidogo. Tukashuka. Akalifungua lile daftari, na ndani alikuwa amechora kwa penseli mifupa ya mnyama, shingo ndefu inapanda mpaka ukingo wa ukurasa, mbavu amezihesabu moja moja. Ni yule dinosaria wa Tendaguru. Mlima Tendaguru uko huko bara, kaskazini-magharibi ya Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimbua mifupa pale, na watu wetu wakaibeba, vichwani na mabegani, mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, ikapakiwa melini. Mmoja ameunganishwa mifupa yake na amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Haya yote nimeyajua baadaye. Asubuhi ile mwanangu alikuwa amesimama na daftari wazi, anaangalia ghuba, akaniuliza, "Mama, walipakilia wapi?"

Nikamwambia hatuna muda, Mtwara wanatusubiri.

Nani alikuwa anatusubiri Mtwara, kaka? Hakuna mtu! Akalifunga daftari, akalirudisha kwenye begi, akavaa visikilizio. Barabarani tukapita akina mama wanauza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwenye visahani. Nikamwonyesha, hakugeuza shingo. Mikindani tuliiona kwa dirisha la gari, ule mji wa zamani wenye milango ya nakshi, yule mmisionari Livingstone aliposhukia mwaka 1866, lile boma la Wajerumani la 1895. Vyote dirishani. Msimbati gari likazama mchangani, tukasukuma saa mbili nzima, na bahari niliyoijia tukaiona dakika kumi. Siku ya nne ikawa ya kurudi tu, zaidi ya kilometa 550 kutoka Mtwara mpaka Dar, na kijana wangu hakusema neno zaidi ya "ndiyo" na "hapana." Nilimlipia mtoto safari ya siku nne ili aniambie ndiyo na hapana.

Kwa hiyo nakwambia: mji mmoja. Siku nne, mji mmoja, na anayeuchagua ni binti yako. Usimpelekee orodha aitie tiki, mkalishe umuulize anataka kuona nini, hata akikutajia kitu usichokielewa. Wapo watakaokuja hapa chini kukwambia "lakini mkifika Lindi, Mtwara si ni pua na mdomo?" Ni kilometa mia na ushee. Waache waende wao.

Desemba ya mwaka uleule tulirudi, mimi na yeye, kwa basi, Lindi tu. Nilimwambia, "Safari hii dereva ni wewe." Hatukufika Tendaguru, mvua zilikuwa zimeanza na wenyeji wakatuambia njia ya kule haipitiki kwa gari dogo. Nilidhani atanuna. Hakununa, maana hakuna aliyekuwa anampigia honi. Siku ya pili asubuhi maji yametoka, tukamkuta mzee mmoja amekaa chini ya mkungu anashona nyavu, uzi ameukamata kwa kidole gumba cha mguu, sindano ya mti inaingia na kutoka hata haangalii. Mwanangu akamwamkia, "Shikamoo babu," akachuchumaa, akafungua daftari. Mzee habari za mifupa hakuwa nazo. Akauliza, "Huyu mnyama gani, mjukuu wangu?" Basi mtoto ambaye mimi nilikuwa simpati maneno matatu akaeleza karibu saa nzima. Mzee akataka kujua urefu. Mwanangu akasimama, akaangaza huku na huku, akamwonyesha mnazi: "Babu, ule pale. Kichwa kingekuwa juu ya yale makuti." Mzee akaacha kushona. Akautazama ule mnazi toka chini mpaka juu, taratibu, kisha akasema, "Na wakaubeba kwa mabega kutoka bara?" Akanyamaza kidogo. "Basi waliobeba nao waandikwe humo kwenye daftari lako."

Usiku ule mwanangu akachora watu. Mstari wa watu wenye mizigo, kutoka ukurasa mmoja kwenda wa pili. Akanionyesha mwenyewe, sikumwomba.

Siku zilizobaki hatukufanya kubwa. Tulivuka na pantoni kwenda Kitunda tukarudi, tukavuka tena kwa sababu alipenda kusimama mbele linapong'oa. Tulinunua korosho kwa mama mmoja anayebangua mwenyewe nyumbani. Mwanangu akataka kujaribu, yule mama akampaka majivu mikononi kwanza, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanachoma ngozi ikaachia malengelenge. Alibangua sita, nne zikavunjika, na hizo zilizovunjika ndizo alizoniletea nile. Basi la kurudi lilipofika Mbagala alikuwa bado ananisimulia.

Binti yako huenda hapendi dinosaria. Huenda anataka magofu, basi mpeleke Kilwa, mlale Masoko siku zote nne, mvuke hata mara mbili. Huenda anataka bahari na sokoni, basi Mtwara, na Mikindani mnakwenda kwa daladala, ni kama kilometa 10 tu, mnarudi mkichoka. Huyo mtu wa gari aliyekwambia "mnamaliza yote" usimpe hata shilingi ya utangulizi, na akikwambia kitu kiko njiani muulize ni njia ya nani.

Muulize binti usiku huu, kabla hajalala. Halafu rudi hapa utuambie kachagua mji gani.