Mpeleke uwanjani, ila msikilize kocha kwanza

Dada, umeuliza kama mtoto wa marehemu dada yako, miaka 11, aliyetoka kuishi mtaani na bado haongei na watu, ajiunge na timu ya mpira hapo Mathare, Nairobi. Mpeleke. Ila kwanza kaa kando ya uwanja jioni mbili tatu: mtoto akikosa penalti, anaambiwaje? Kocha wa matusi atamrudisha alikotoka. Kwenye ligi ya MYSA, chama cha michezo ya vijana kilichoanzia hukohuko Mathare 1987, timu hupata pointi hata kwa kuzoa taka mtaani, kwa hiyo asiyejua chenga naye ana mchango. Wangu alianza kwa kubeba chupa za maji tu; mwezi wa pili nikamsikia akipaza sauti, "Nipasie!" Akiendelea kushtuka usiku akilia, mtafutie na mshauri nasaha. Hilo mpira pekee hauliwezi.