Fundi Anajibu: Basi la shule tumelifanya nyumba, milango tuifungeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tuko Marekani, jimbo la Ohio, tulinunua basi la shule la zamani kwenye mnada tukang'oa viti vyote tukajenga nyumba ndani, kitanda, jiko, choo, kila kitu. Sasa shida ni milango. Ule wa mbele ni wa kuvuta na leva ya dereva, hauna sehemu ya ufunguo kabisa. Wa nyuma ni ule wa dharura, una hendeli ndani na nje, yeyote akizungusha anaingia. Tukienda kununua vitu dukani roho inakuwa juu juu, usiku ndo kabisa sipati usingizi. Mume wangu anataka kupiga kufuli kubwa nje kila mlango tumalize. Unashauri nini? (Msomaji, Ohio)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie mume wako asubiri kidogo na hizo kufuli, nia yake ni nzuri lakini kuna jambo lazima mlielewe kabla hamjatoboa bati.

Hilo basi halikutengenezwa liwe na ufunguo. Uchukue kampuni yoyote ya mabasi ya shule, iwe Blue Bird, iwe Thomas, iwe IC, mabasi yao mengi yalitengenezwa yalale kwenye yadi yenye uzio, na mchana kutwa kazi ya milango iwe kutoa watoto nje haraka kukitokea moto au basi likipinduka. Ndo maana ule wa nyuma unafunguka kwa hendeli moja tu kutoka pande zote mbili, hiyo ni sheria ya Marekani siyo uzembe wa kiwanda. Sasa nyie mnalala humo, mnapika na gesi humo, kwahiyo hiyo kazi ya kutoka haraka bado mnaihitaji, tena labda kuliko wale watoto maana wao walikuwa macho.

Kwahiyo msifikirie kufuli moja ya kumaliza kila kitu. Mna hali mbili tofauti: mkiwa mmetoka, na mkiwa ndani mmelala. Mkitoka mnataka ufunguo upande wa nje. Mkiwa ndani mnataka komeo ambalo mtu wa nje halifikii ila wewe gizani, umejaa moshi kichwani, unalifungua kwa mkono mmoja bila kutafuta ufunguo. Ukichanganya hizo mbili ndo watu wanajifungia ndani ya nyumba ya chuma.

Tuanze na mlango wa mbele. Angalia leva yako inavyofanya kazi, ukiisukuma mpaka mwisho kuna mahali inapita kidogo halafu inakaa, pale ile fimbo inakuwa imejibana na mtu wa nje akisukuma mlango haurudi. Hiyo ilitosha kwa dereva aliyekaa pembeni. Kwa wizi haitoshi, kwanza kwa sababu bushi zake zimeshalika na miaka, pili kati ya vile vipande viwili vya mlango kuna mpira tu, mtu anapenyeza mkono au chuma anauchokonoa, na tatu, hili wengi hawalioni, dirisha la dereva haliko mbali na leva! Mwizi hana haja na mlango, anasogeza kioo cha dereva, anapenya au anaingiza mtoto mwembamba, leva inavutwa, karibu ndani.

Kwahiyo kabla ya yote kata fimbo ya mbao au ya aluminiamu ikae kwenye reli ya dirisha la dereva lisiteleze. Ni kazi ndogo ya senti chache lakini nakuomba uifanye leo hii hii. Halafu zungukia madirisha mengine, yale ya kubana vidole viwili na kushusha, ujaribu kila moja kutoka nje kama linashuka. Likishuka weka kizuizi kwa ndani ambacho kinatoka kwa mkono.

Alafu kuna njia mbili za mlango wenyewe wa mbele, na mimi napenda ya kwanza. Unatoboa tundu kwenye mkono wa leva ikiwa imefungwa, tundu linyooke na kipande cha chuma imara ulichofunga kwenye bodi, unapitisha pini nene ya chuma. Leva haiendi popote. Usiku unaweka hiyo pini, pini ya kuchomoa tu isiwe na ufunguo, ifungie kamba fupi isipotee na izoeeni mikono yenu wote wawili. Mkitoka mnaweka pini hiyo hiyo mbele, mnatokea mlango wa nyuma, na ule wa nyuma ndo unakuwa mlango wenu wa ufunguo. Mwizi akija mbele hakuti hata tundu la ufunguo la kuhangaika nalo. Ubaya wake ni kwamba nyuma ni juu sana kutoka chini, mtahitaji ngazi nzuri ya kukunja, na kama mna kitanda kimeziba njia ya nyuma basi njia hii haiwafai.

Njia ya pili ni kuweka kitasa chenye ulimi wa chuma kwenye mlango wa mbele. Hapa fundi wengi wanaharibu. Kile kipande cha mlango wa basi ni chembamba kuliko mlango wa nyumba, ukinunua kitasa cha nyumba wanategemea mbao ya milimita kama 35 mpaka 45, hakitakaa vizuri mpaka uongeze unene kwa bamba la chuma au mbao kwa ndani. Vitasa vya magari ya kambi, yale ya kulala safarini (RV), vimetengenezwa kwa milango myembamba, anzia hapo. Na kama mlango wako ni wa kukunjika vipande viwili, kitasa peke yake hakina maana kwa sababu utakuwa umefunga kipande kimoja na kingine kinacheza, inabidi uviunganishe vile vipande kwa bamba la chuma viwe mlango mmoja unaofunguka upande mmoja kwa bawaba, yaani ile leva ya dereva unaiaga. Watu wengi wamefanya hivyo na wanafurahi, ni kazi ya welda anayejua kazi yake.

Ukiweka kitasa, kwa ndani kiwe cha kuzungusha kwa vidole. Kile cha ufunguo pande zote mbili usikitie kabisa kwenye basi la kulala, hata kama muuzaji atakuambia ndo salama zaidi. Najua utaniuliza, je akivunja kioo akazungusha? Ni kweli, ndo maana kioo cha chini cha mlango unakitoa unaweka bati la aluminiamu, au polikaboneti, ile plastiki ngumu kama kioo, ya milimita 6 ambayo nyundo inaiumiza lakini haiipasui. Kile cha juu kiache kipitishe mwanga na macho, dereva anakihitaji kuona upande wa kulia wakati wa kuendesha, usije ukakiziba kwa pazia la kudumu.

Sasa nyuma. Kama mtatumia nyuma kama mlango wa ufunguo, mnaweza kutoa ile hendeli ya nje, kuziba tundu, na kuweka kitasa cha ufunguo kinachoendesha ile mitambo ya ndani au ulimi wake pembeni. Hendeli ya ndani iacheni kama ilivyo, msiiguse. Usiku ongezeni komeo moja la kusukuma, nene, usawa wa kiuno siyo juu kwenye dari. Bawaba nazo ziangalieni, ziko nje kwahiyo kama ile pini yake inaweza kugongwa ikatoka, chomelea nukta moja kila ncha.

Na kufuli za mume wako? Sizikatai, kwa muda mkiwa mnajenga ni sawa kabisa. Lakini kile chuma cha kupachikia kufuli kifungwe kwa bolti zinazopita mpaka ndani, zile za kichwa cha mviringo ambazo spana haina pa kushika, na ndani kuwe na bamba nyuma ya nati siyo wosha peke yake, maana bati la basi ukiweka skrubu za kawaida mtu anaing'oa na nondo kwa pumzi moja. Tumieni kufuli la duara linaloficha upinde wake. Na hili ni la lazima: mkiwa ndani, kufuli lifungwe kwenye ile pete ya kwenye bodi peke yake, wakati kile chuma cha kupachikia kimekunjwa pembeni. Hapo mpita njia mwenye roho mbaya, au hata mtoto anayecheza, hawezi kuwafungia ndani kwa sababu pete imeshajaa. Nimesisitiza hili kwa sababu watu wanafikiria mwizi tu, hawafikirii mtu anayeweza kuwafungia.

Mwisho kwenye hili, lile kengele la mlango wa dharura, linalopiga kelele hendeli ikiinuliwa, msilitupe! Kwenye mabasi mengi linafanya kazi ufunguo ukiwashwa tu, mkilichukulia umeme moja kwa moja kwenye batri kupitia fyuzi na swichi ndogo karibu na kitanda, mmepata king'ora cha bure.

SWALI: Habari fundi, mimi niko Minnesota, basi langu mlango wake ni wa upepo. Nikilipaki likakaa, nikirudi nausukuma kwa kidole unafunguka wenyewe. Nibadilishe silinda? (Baba wa wawili)

JIBU: Nzuri kaka. Silinda yako inawezekana haina ubaya wowote. Mlango wa upepo unashikiliwa na presha, na presha ya basi lililozimwa inashuka taratibu kwa vivujo vidogo vidogo, ikishaisha hakuna kinachoushika tena. Hata ungekuwa na silinda mpya siku ya pili ya tatu hali ni ile ile. Juu ya mlango au karibu na dereva kuna valvu ya dharura ya kumwaga upepo, nayo ipo ili abiria wasukume watoke. Kwahiyo usitegemee upepo kama kufuli hata siku moja, weka komeo la chuma au pini kama nilivyomweleza dada wa Ohio hapo juu, na wa mlango wa umeme mjue nanyi mna kile kitufe au hendeli nyekundu ya kuachia mota, hali ni ile ile.

Ila kaka, una watoto wawili na uko kwenye baridi ya kweli. Kabla hujaongeza komeo lolote hakikisha kuna njia mbili za kutoka ambazo mtoto mkubwa anazifungua mwenyewe, jaribuni usiku taa zikiwa zimezimwa. Na kwa sababu mnapasha moto humo ndani, weka kile kifaa cha kugundua moshi na kile cha gesi ya kaboni monoksaidi, kila kimoja, karibu na wanapolala. Barafu nayo inagandisha mpira wa mlango, paka silikoni kwenye mipira kabla ya majira ya baridi usije ukakuta komeo limefunguka vizuri ila mlango umeganda.

SWALI: Fundi, basi langu lilikuja na kitasa cha kiwandani mlango wa nyuma. Nikifunga usiku asubuhi haliwaki, starta haisemi neno. Batri mpya. Rafiki anasema nikate waya. (Dereva, Georgia)

JIBU: Usikate kwanza. Hilo basi linafanya lilichoagizwa. Kanuni ya shirikisho ya Marekani namba 217, ile ya njia za dharura kwenye mabasi, inataka injini ya basi la shule isiwake kama mlango wowote wa dharura umefungwa kwa ufunguo. Kwenye kitasa kuna swichi ndogo inayokata umeme wa starta. Fungua vitasa vyote, na usisahau vile vya dirisha la kusukuma na vifuniko vya juu ya paa kama vinavyo, halafu jaribu. Basi likigoma bado, huenda hiyo swichi imejaa kutu au imesogea, isafishe, irekebishe ikae sawa na ulimi.

Najua ukishabadilisha makaratasi basi likawa gari la kuishi wengi wanaukata huo mfumo. Mimi ningeuacha. Unakuzuia kuondoka barabarani huku watu wako nyuma wamefungiwa, na hiyo ni ajali ambayo huna muda wa kuirekebisha ikishatokea. Lakini jua kwamba komeo uliloongeza mwenyewe swichi hailijui kabisa, basi litawaka tu na komeo likiwa limefungwa. Kwahiyo tafuta kitambaa chekundu, kila ukifunga komeo la nyuma usiku kitambaa unakitundika kwenye usukani, asubuhi hukitoi mpaka umetembea mpaka nyuma umefungua kwa mkono wako.