Ufundishaji wa kompyuta vyuoni baada ya Uviko-19: maswali yenu

*Binti yangu anasomea kompyuta Dodoma. Kwa nini vyuo vilipofungwa mwaka 2020 hata wao hawakuendelea kusoma kwa mtandao? (Mzazi, Kongwa)*

Vyuo vilifungwa Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, vikafunguliwa Juni mosi. Wanafunzi wengi wa fani hii hutegemea mashine za maabara ya chuo, na aliyerudi kijijini akiwa na simu tu aliweza kusoma notisi, lakini kuandika na kuendesha programu ya mistari 200 kwenye kioo kile ni mateso. Tena somo la video la saa moja hula mamia ya megabaiti za bando, ilhali faili la programu hiyo kwa kawaida halifiki kilobaiti 20. Mwalimu aliyetuma faili, maandishi na rekodi fupi aliwatendea haki wanafunzi wake kuliko aliyeng'ang'ania video ya moja kwa moja.

*Je, Moodle ililetwa na janga? (Msomaji, Manyoni)*

Hapana, mfumo huu wa kuendeshea masomo kwa mtandao ulianza kutumika duniani mwaka 2002.

*Mazoezi ya vitendo yalibadilika vipi? (Mwanafunzi, Nkuhungu)*

Hapa ndipo pagumu. Maabarani mhadhiri husimama nyuma yako, akaona mabano uliyosahau kufunga kabla hujamwita. Kwa mbali, mwanafunzi hupiga picha ya kioo na kuituma WhatsApp, na mara nyingi picha hukata mstari uleule unaotaja kosa. Ndiyo maana kumfundisha mwanafunzi kunakili ujumbe wote wa kosa, kueleza alichotarajia na kilichotokea, kumekuwa sehemu ya somo lenyewe, na ningependa kufundishwe tangu wiki ya kwanza, kwa kuwa hata kazini mafundi huulizana hivyo hivyo.

*Nazuiaje kunakiliana ikiwa kazi zafanyiwa nyumbani? (Mhadhiri msaidizi, Singida)*

Mpe kila mwanafunzi data tofauti, na dai historia ya kazi kupitia Git, programu inayotunza kumbukumbu ya mabadiliko ya faili, ambayo huonyesha kama programu ilikua hatua kwa hatua au ilitua nzima usiku mmoja. Kisha mwite aieleze kwa mdomo: mwambie abadilishe sharti moja mbele yako na kutabiri matokeo kabla ya kuiendesha. Kwa darasa la mamia hili ni zito, hivyo chagua wachache bila kuwatangaza mapema, nao wote watajiandaa.