Muulize Fundi: Gari imetoka Dar, imekutana na baridi ya Njombe

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane maswali mnayoniletea yanafanana sana, leo nimechukua matatu. La kwanza nimelijibu kirefu maana najua wengi limewagusa.

SWALI: Kamwene fundi. Mi ni mwalimu, nimehamia Njombe mwezi wa nne kutoka Dar na IST yangu. Kule haijawahi kunisumbua hata siku moja. Huku tangu baridi ianze asubuhi inavuta kwa shida, haiwaki mpaka jirani anibusti na betri ya Noah yake. Nikiwasha hita inatoka hewa ya baridi tu, halafu kioo cha mbele kinajaa ukungu, naendesha mkono mmoja, mwingine unafuta na kitambaa. Fundi wa huku ananiambia petroli haifai kwa baridi, niiuze nichukue ya dizeli. Nifanyeje?

JIBU: Kamwene mwalimu. Gari usiuze. Na hilo la dizeli limegeuzwa miguu juu kichwa chini, dizeli ndo inayoteseka zaidi kuwaka kwenye baridi, ndo maana kwenye dashibodi ina ile taa ya koili unayosubiri izime kwanza ndo upige stata.

IST yako haijapata ugonjwa huku, imekuja nao kutoka Dar, joto la kule lilikuwa linauficha. Anza na betri. Betri ikipoa nguvu inapungua, ikikaribia nyuzi 0 inaweza kupoteza moja ya tano au zaidi, na saa hiyohiyo oili nayo imekuwa nzito kwa hiyo stata inataka umeme mwingi kuliko kawaida. Betri iliyochoka Dar inawasha vizuri tu, Njombe saa 12 asubuhi inakuumbua. Pima na mita kabla hujawasha: volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu. Ukishawasha isome kati ya 13.8 na 14.5, ikiwa chini ya hapo altaneta haichaji na hata ukinunua betri mpya unatupa hela. Angalia na terminali, kama zina unga mweupe au wa kijani zioshe na maji ya moto, zikauke, kaza, paka grisi. Nimeshaona mtu kanunua betri mbili kumbe terminali ilikuwa inacheza.

Oili muulize aliyekufanyia servisi mara ya mwisho aliweka ipi. Mafundi wengi wa joto wanapenda 20W-50 wakisema injini imezeeka, sasa hiyo W ni ya baridi, namba inayoitangulia ikiwa ndogo ndo oili inapita kirahisi asubuhi. Injini yako inakaa vizuri na 5W-30.

Sasa hita, na hapa ndo nataka unisikilize. Karibu nina uhakika thamostati yako ilitolewa. Gari ikichemsha kwenye foleni ya Dar mafundi wengi wanaona njia rahisi ni kuing'oa na kuitupa. (Mi mwenyewe nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo, sijisifu.) Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike nyuzi 82 hivi, ukiitoa maji yanazunguka muda wote, injini haipati joto lake, na hita inaazima joto kwenye maji hayohayo kwa hiyo itatoa nini? Halafu injini ikibaki ya baridi kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, nadhani hata mafuta umeona yanakwenda. Rudisha thamostati, sio kitu cha bei kubwa. Wakati mfumo umefunguliwa mwaga maji ya bomba yaliyomo, weka kulanti (dawa ya kupoozea injini) nusu kwa nusu na maji safi. Njombe mjini maji kuganda ndani ya injini sio jambo la kila siku, ila kutu kipo, na huku juu maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi sio 100, kwa hiyo na mfuniko wa rejeta uwe unabana kisawasawa.

Ukungu wa kioo: washa hita elekeza kwenye kioo na bonyeza AC. Ndiyo, AC kwenye baridi, ndo inayokausha unyevu. Toa na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, pumzi yako ndo inayotengeneza ukungu. Kitambaa weka kwenye buti.

SWALI: Fundi, niko Makete, asubuhi kioo kina sakitu nyeupe namwagia maji ya birika inayeyuka fasta. Jana kimepasuka. Kioo feki?

JIBU: Hapana kaka, ni birika lako. Kioo cha baridi kikipigwa na maji ya moto kinatanuka ghafla upande mmoja. Funika usiku na turubai au boksi, au kwangua na kadi ya plastiki ya zamani. Wepa usiziwashe zikiwa zimeganda, zinachanika. Na usiache gari inaunguruma ndani ya banda lililofungwa eti inapata moto, moshi ule una gesi inayoua na haina harufu. Dakika moja inatosha, kisha ondoka taratibu.

SWALI: Nashuka mlima Kitonga kila wiki, asubuhi ukungu mzito, wenzangu wanawasha taa full na hazadi. Ni sawa?

JIBU: Full inagonga ukungu inakurudia machoni, tumia dimu na foglaiti kama zipo. Hazadi ukiwa unatembea aliye nyuma hajui kama umesimama au unakata kona. Shuka na gia ya 2 au L breki zisichemke, na kabla hujaondoka pima upepo wa tairi zikiwa bado za baridi, joto likishuka nyuzi 10 unapungua karibu psi 2. Kama kashata (meno ya tairi) zimeisha kwanza pitia gereji.