Maswali ya Wasomaji: Sindano ya baridi yabisi na kipimo cha TB

SWALI: Nina baridi yabisi ya viungo. Daktari ameniandikia sindano ya adalimumabu, lakini kwanza anataka nipimwe kifua kikuu. Mbona sikohoi?

JIBU: Kutokukohoa si hoja. Vimelea vya TB huweza kulala mwilini miaka mingi, vikiwa vimezungushiwa ukuta wa chembe za kinga. Ukuta huo husimamishwa na protini ya TNF, ileile inayochochea uvimbe wa viungo vyako. Adalimumabu huizima: viungo vinapoa, ukuta unabomoka, TB inaamka, mara nyingi nje ya mapafu.

Kwa hiyo upigwe eksirei ya kifua, na kipimo cha ngozi au cha damu. Kwako, uvimbe mgumu wa milimita 5 pale ulipopimwa kwenye ngozi unatosha kuhesabiwa kuwa una vimelea vya TB. Ukikutwa na TB iliyolala, dawa za kinga kwa kawaida hutangulia sindano kwa mwezi mmoja hivi. Pima pia homa ya ini B. Chanjo ya homa ya manjano, kama unaihitaji, iulizie sasa. Ukishaanza sindano hairuhusiwi, kwa kuwa ina virusi hai.

Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kila wiki mbili. Itunze kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Ikiganda, itupe hata kama imeyeyuka. Itoe dakika 15 hadi 30 kabla ya kujidunga, bila kuipasha kwa maji moto (kosa la wengi). Ukipata homa au jasho la usiku, usijidunge. Muone daktari siku hiyohiyo.