Usipande gari la mtandao kabla dereva hajakutajia jina lako

Mimi naendesha gari ya mtandao hapa Dar, IST ya silva, na mnajua zilivyojaa mjini. Jioni pale Mlimani City tunapaki nne tano zimefuatana, wote tumewasha hazadi tunasubiri abiria, basi mtu anatoka na mifuko yake, macho kwenye simu, anavuta mlango wa nyuma anakaa, "twende kaka", na mimi rikwesti yangu ni ya mtu mwingine kabisa. Wengi ni akina dada na huwa inaniuma sana, maana angemkuta mwenye nia mbaya je?

Nawaomba sana, msimuulize dereva "wewe ndo Hamisi?" Hapo umeshampa jibu, atasema ndo mimi. Wala usijitaje. Simama nje ya dirisha uulize "umekuja kumchukua nani?" Dereva wako jina lako analo kwenye simu, asiye wako hana cha kusema. Mimi abiria akiniuliza hivyo nafurahi, najua anajijali.

Na plate namba isome yote, watu wakiona tu ni namba E, yaani herufi zake zinaanzia na E, wanaridhika, wakati E ziko kibao!

Marekani mwezi Machi 2019 binti wa chuo wa miaka 21, Samantha Josephson, alipanda gari usiku pale Columbia, South Carolina, akidhani ndo Uber aliyoita, akauawa. Milango ya nyuma ilikuwa imewekwa loku ya watoto, kwa ndani haifunguki. Hizi IST zetu nazo zinayo, ni kaswichi kadogo ubavuni mwa mlango wa nyuma, unakaona mlango ukiwa wazi, kwahiyo hata ukishakaa usifunge mlango kama dereva hajakutajia jina lako.

Ukigundua umekosea gari na mko njiani tayari, usianze ugomvi, mwambie akushushe penye watu, sheli au stendi, huku unampigia mtu wako unamtajia kwa sauti gari na mahali mlipo.

Na nyie madereva wenzangu, mtu akikaa kimakosa mwambie palepale ashuke, usimbebe eti hela ni hela. Abiria wako anakusubiri, na huyo dada kama alishawatumia watu wa nyumbani linki ya kufuatilia safari yake, mama yake muda huo anafuatilia kwenye simu gari ambayo mwanae hayumo.