Kalipa ya Fundi: Ijaribu Dukani Kabla ya Kutoa Hela

Vijana wanaoanza kazi ya kukereza vyuma huniuliza: fundi, ninunue kalipa, yaani kifaa cha taya cha kupimia unene na matundu, ya dijitali inayoonyesha namba kwenye kioo, au ya vernia, ya kusoma mistari iliyochongwa? Kabla sijajibu huwa nawaambia waache kwanza kutazama kioo. Kioo kikiandika milimita 0.01 haina maana kwamba kipimo ni sahihi hadi hapo. Hata kalipa ya milimita 150 ya kampuni yenye jina kama Mitutoyo, mtengenezaji mwenyewe anaahidi usahihi wa karibu 0.02. Sasa ile isiyo na jina, iliyolala kwenye boksi la plastiki, nayo inaandika 0.01 vilevile. Imeipata wapi?

Mimi kalipa naiamini kwa mambo mawili. Irudi sifuri kila nikiifunga, na kitu kilekile ikisome vilevile, nikishika mimi au akishika msaidizi wangu. Inayokosea 0.03 siku zote nitaelewana nayo, nitajumlisha au kutoa. Inayokosea 0.03 asubuhi na 0.07 jioni hiyo ni ya kupimia mbao.

Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na beringi mpya mfukoni. Chukua namba 6203, ipo kila duka la spea na bei yake haiumizi. Kipenyo chake cha nje ni milimita 40 na tundu lake ni 17. Beringi ya daraja la kawaida inaruhusiwa kupungua 0.011 kwa nje na 0.008 kwenye tundu, kuzidi hairuhusiwi kabisa. Hapo una kipimo cha kulinganishia ambacho karakana nyingi za mtaani hatuwezi kukichonga wenyewe. Hakikisha tu beringi yenyewe si feki, inunue kwa mtu unayemwamini. Na upana wake usiutumie: imeandikwa 12, lakini kiwandani wanaruhusu ipungue mpaka 0.12, utakuja kuisingizia kalipa bure.

Ifute mafuta. Ibane ndani kabisa, karibu na rula (ule mwili mrefu wenye mistari), soma namba. Halafu isogeze mpaka kwenye ncha za taya, soma tena. Hapa ndipo kalipa mbovu huumbuka. Skeli iko juu na kitu unachopima kiko chini, mbali nayo, hivyo taya inayotembea ikiwa imelegea kidogo kwenye rula, ukikaza inainama na namba inabadilika. Tofauti ya 0.02 mimi naivumilia. Ikifika 0.05 irudishe kwenye boksi, hata kama muuzaji anakuapia kwamba hiyo ni orijino na hajawahi kurudishiwa.

Kisha pima tundu kwa taya ndogo za juu. Tikisa kidogo kidogo: ukipima nje unatafuta namba ndogo kuliko zote, ukipima ndani unatafuta kubwa kuliko zote. Taya hizi ndogo ndizo zinazochongwa kwa haraka kwenye kalipa za bei rahisi, na utashangaa ni ngapi zitakazokusomea 16.90 mahali pa 17. Mnunuzi wa kawaida hazigusi kabisa dukani. Anafunga taya kubwa, anaona sifuri, analipa.

Mengine ni ya dakika moja. Funga taya uielekeze mlangoni penye mwanga; mwanga ukipenya upande mmoja tu, taya zimepinda au zimeliwa. Ivute mpaka mwisho na uirudishe, isikwame popote wala isilegee katikati. Ya dijitali ivute kwa kasi mara kadhaa kisha ifunge: isiporudi sifuri, achana nayo. Kijaribu pia kile kijiti kinachotoka mkiani, cha kupimia kina cha tundu: simamisha kitako cha kalipa juu ya kioo bapa na ushushe kijiti kiguse, isome sifuri.

Ni ipi basi? Kwa karakana zetu, zenye vumbi la grainda na maji ya kupoozea, kalipa ya kwanza iwe ya vernia, ya chuma kisichoshika kutu, yenye mgawanyo wa 0.02. Haina betri na haiogopi maji. Kuisoma kunahitaji mazoezi na macho mazuri, hilo sikatai. Mwenye miwani avae miwani. Dijitali ni nzuri kwa kazi nyingi za harakaharaka, lakini ile ya bei ndogo hula betri hata ukiizima, kwa sababu saketi yake ya kupimia hailali. Jioni toa betri. Na kama mwili wake unaruhusu, weka betri ya kifungo ya SR44 badala ya LR44: umbo ni lilelile, ila SR44 hushikilia volti yake karibu mpaka mwisho, wakati LR44 inashuka taratibu na namba zinaanza kurukaruka ukidhani kalipa imekufa. Ukitaka dijitali ya kuishi na maji, tafuta iliyoandikwa IP67, alama ya kuzuia vumbi na maji.

Kalipa ya saa, yenye mshale, siishauri. Chengachenga moja ya chuma ikiingia kwenye meno yake, mshale unaruka na hujui umeruka lini. Za plastiki waachie maseremala.

Kalipa za mtumba kutoka Ulaya usizidharau, wakati mwingine ni bora kuliko mpya ya bei hiyohiyo. Tazama ncha za taya kwa karibu. Kuna mafundi wanazitumia kuchorea mistari kwenye chuma, na ncha zikishaliwa zinakuwa na kibonde kidogo ambacho ukipitisha ukucha unakisikia. Kalipa ya hivyo inafunga vizuri, inasoma sifuri, lakini ukipima waya mwembamba kwa ncha zake inadanganya.

Halafu kuna jambo ambalo si kosa la kalipa. Mtu anatoa puli ya alumini kwenye mashine ikiwa bado inaunguza vidole, anapima, anaridhika, kesho mteja anarudi. Vipimo vya viwandani huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Puli ya milimita 100 ikiwa na joto la nyuzi 40 zaidi ya kalipa yako, imevimba karibu 0.09. Chuma cha kawaida huvimba kama nusu ya hapo. Iache ipoe, au imwagie maji, ndipo upime. Kwa joto la Dar nyuzi 20 huzipati, lakini kwa kazi za chuma kitu na kalipa vikiwa na joto moja mambo mengi yananyooka.

Na zipo kazi ambazo kalipa yoyote, hata ya gharama, si yake. Shafti ya kukalia beringi 6205, yenye tundu la milimita 25, kwa fiti ya k6 (kipimo cha shafti kinachofanya beringi ikae kwa kukaza kidogo) inatakiwa iwe kati ya 25.002 na 25.015. Nafasi nzima hapo ni 0.013, ndogo kuliko kosa linaloruhusiwa kwenye kalipa nzuri. Kalipa itakufikisha kwenye 25.1, kuanzia hapo shika maikromita, kifaa cha skrubu kinachopima kwa usahihi zaidi. Kama hela inatosha kimoja tu kwa sasa, nunua kalipa, kazi nyingi zitaenda. Maikromita ikifuata, anza na ya 0 hadi 25, halafu ya 25 hadi 50, kwa sababu hiyo shafti ya 6205 tayari imeizidi ile ya kwanza.